Barua ya wazi: Ifungueni 115 kwa majeruhi wa barabarani

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi,
Mheshimiwa Waziri wa Fedha,
na Kamishna wa Bima.

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima zote.

Nimewaweka nyote kwenye barua moja kwa sababu jambo lenyewe limegawanyika mikononi mwenu. Mtu akigongwa na gari akalala kando ya lami, jeraha ni la Wizara ya Afya, fomu ni ya Polisi, fidia ni ya bima na fedha ni za Hazina. Yeye mwenyewe hajui mipaka hiyo. Anachohitaji ni gari la kumfikisha hospitali kabla damu haijamwishia, na mtu wa kumpokea bila kumuuliza maswali asiyoweza kuyajibu.

Ombi langu ni hili. Namba ya bure 115, ambayo leo inamfikisha mama mjamzito na mtoto mchanga hospitali, ifunguliwe pia kwa majeruhi wa ajali za barabarani. Na dereva yeyote atakayembeba majeruhi alipwe nauli yake, achukuliwe jina na namba ya simu, aachiwe aende zake.

Mimi ni fundi wa magari. Gereji yangu iko kando ya Barabara ya Morogoro, mkoani Pwani. Kazi yangu ni injini na gia boksi, tiba sikuisomea, ila anayefanya kazi kando ya barabara kuu hujifunza habari za damu na mifupa bila kutaka. Gari lililopata ajali likivutwa hadi kwetu, siti zake bado zina unyevu.

Niseme kidogo kuhusu magari, maana ndiyo ninayoyajua. Mengi tunayoendesha yametoka Japani yakiwa yameshatumika, na yanaposhuka bandarini Dar es Salaam huwa na mikanda mizima kwenye siti zote. Miezi michache baadaye mwenye gari amevalisha siti makava mapya, na vifungio vya nyuma vimefunikwa. Nikivua kava kutafuta nyaya nakuta kifungio kimezama kwenye sponji, hakijaguswa tangu gari linunuliwe, na hapo ndipo watoto wanapokaa. Mbele nako wapo wanaochomeka kipande cha chuma kwenye kifungio ili kengele ya mkanda inyamaze. Tairi lina tarakimu nne ubavuni zinazoeleza umri wake. 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Wateja wengi ninaowaonyesha tarakimu hizo hawajawahi kuambiwa na aliyewauzia. Mambo haya yana wenyewe: sisi mafundi, wauza spea, wenye magari na trafiki. Nayataja ili msije mkadhani namtupia mzigo wote Serikali.

Lakini hata tukifunga mikanda sote, ajali zitatokea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Vifo zaidi ya tisa katika kila kumi viko kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, wakati nchi hizo zina kama asilimia 60 tu ya magari ya dunia. Pengo hilo lina sababu nyingi, barabara na ubora wa magari zikiwemo. Moja ya sababu hizo ni kinachotokea baada ya kishindo, na ndiyo ninayoiona kwa macho yangu.

Mwaka jana, saa mbili usiku, kijana wa bodaboda aligongana na gari aina ya Noah karibu na kijiwe chao. Mguu ulivunjika chini ya goti, damu ikawa inaruka. Mama mmoja muuza chipsi alivua kanga yake, akaizungusha juu ya goti, akaikaza kwa kijiti alichokiokota hapo chini, akakishikilia kijiti hicho kwa mikono miwili bila kukiachia. Sisi wengine tulisimama barabarani kusimamisha magari. Yalipita mengi. Dereva anapunguza mwendo, anashusha kioo, anaona damu, anapandisha kioo. Aliyesimama ni kijana wa kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, aliyekuwa anarudi mtupu kutoka kupeleka nyanya sokoni. Tulitandika magunia, tukamlaza majeruhi, yule mama akapanda naye akiwa bado ameshika kijiti.

Hospitali waliyofikia, swali la kwanza lilikuwa PF3, ile fomu ya Polisi ya matibabu, iko wapi. La pili lilikuwa nani analipia. Mama na kijana wa kirikuu wakachanga walichokuwa nacho. Askari alipofika, kirikuu kikapelekwa kituoni pamoja na dereva wake, kwa kuwa lilikuwa gari lenye damu na hakuna aliyejua kwa hakika nani kamgonga nani. Alilala kituoni. Asubuhi tulikwenda kumtolea ushahidi, akaachiwa, lakini mzigo aliokuwa amepangiwa alfajiri ile ulishachukuliwa na mwingine. Kijana wa boda yu hai. Mguu ulikatwa, na daktari alisema kanga ndiyo iliyomfikisha akiwa anapumua. Kijana wa kirikuu, ambaye gari lake nalitengeneza hadi leo, ameniambia hatasimama tena kwenye ajali yoyote. Ni mtu mwema na simlaumu. Ninaulaumu utaratibu uliomfundisha hivyo.

Waheshimiwa, wanaopandisha vioo hawana roho mbaya. Wamefanya hesabu: siti itachafuka damu, mafuta yatakwenda, majeruhi akifia garini watahojiwa, na gari linaweza kulala kituoni. Hesabu hiyo mnaweza kuibadilisha nyinyi. Na bahati njema ni kwamba nchi yetu imeshaibadilisha mara moja, kwa akina mama.

Huko vijijini mama mwenye uchungu alikuwa anakwama vilevile. Gari la wagonjwa liko mbali au limeharibika, na mwenye gari binafsi anataka alipwe kwanza. Mpango wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa, katika maeneo ya Sengerema na Shinyanga, na Rais Samia akauzindua kitaifa mwaka 2022, ulikuja na jibu jepesi. Mhudumu au ndugu anapiga 115. Anayepokea kwenye kituo cha uratibu anauliza maswali aliyoandaliwa, anajua hali ni nzito kiasi gani, kisha anatafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Likikosekana, anampigia dereva wa jamii: mtu wa kawaida mwenye gari lake, aliyeandikishwa na kukubaliana bei kabla. Dereva anamfikisha mgonjwa, kituo kinathibitisha, na malipo yanaingia kwenye simu yake. Hakuna anayemuuliza mama mwenye uchungu ana shilingi ngapi.

Takwimu za Serikali zinasema vifo vya wajawazito vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika utafiti wa 2022. Sisemi m-mama ndiyo iliyofanya yote hayo; kuna zahanati zilizojengwa, kuna wauguzi, kuna damu salama. Ninasema kwamba pale Serikali ilipoamua kuwa kumfikisha mgonjwa ni sehemu ya kumtibu, ilipata njia, na njia yenyewe ilikuwa simu tulizonazo mfukoni na magari tuliyonayo barabarani.

Kwa hiyo siombi mtununulie helikopta. Naomba waratibu wale wale, kwenye vituo vile vile, waongezewe watu na maswali ya ajali: majeruhi wangapi, nani anavuja damu sana, nani hawezi kusogeza miguu, nani anapumua kwa shida. Leo tukipata ajali wengine wanapiga 112 ya Polisi, wengine 114 ya Zimamoto, wengi hawapigi popote, wanachukua video. Anayechukua video ameshika mkononi kifaa kilekile kinachoweza kuleta gari. Hajaambiwa tu apige wapi na nini kitafuata akishapiga.

Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, kuhusu PF3. Najua fomu hiyo ina kazi yake mahakamani, bila ushahidi wa daktari mwenye kosa anaponyoka. Najua pia kuwa maelekezo ni mgonjwa wa dharura atibiwe kwanza na fomu ifuate. Lakini maelekezo hayajafika dirishani. Mhudumu wa usiku anaogopa kugusa jeraha lisilo na fomu, kwa sababu kesho yeye ndiye atakayeulizwa. Mwekeeni kinga iliyoandikwa. Ibandikwe ukutani kwenye kila mapokezi ya dharura, kwa herufi kubwa, kwamba majeruhi wa ajali anapokelewa bila PF3 na Polisi ndio watakaoileta fomu hospitali. Na kwa dereva aliyembeba, toeni waraka kwa vituo vyote: aandikwe maelezo palepale hospitali, apewe karatasi yenye mhuri, gari lake lisizuiwe isipokuwa lenyewe limehusika kwenye ajali. Karatasi moja yenye mhuri ingewarudisha barabarani watu wengi aina ya yule kijana wa kirikuu.

Mheshimiwa Waziri wa Fedha na wewe Kamishna wa Bima, najua mnasubiri kusikia pesa itatoka wapi. Kwanza, kila gari linalotembea kihalali lina bima, angalau ile ndogo. Kwa gari binafsi tunalipa shilingi 118,000 kwa mwaka, kodi ikiwa ndani, na lengo hasa la bima ndogo ni yule aliyegongwa. Muulizeni aliyegongwa ameiona lini. Anaambiwa alete ripoti ya polisi, fomu ya daktari, wakati mwingine na hukumu ya mahakama, na akigongwa na gari lililokimbia hana pa kudai kabisa. Tengeni sehemu ndogo ya kila bima iende moja kwa moja kwenye mfuko wa kumsafirisha na kumhudumia majeruhi kwa saa 48 za mwanzo, bila kuuliza nani mwenye makosa. Makosa yatatafutwa baadaye, majeruhi akiwa wodini.

Pili, mafuta. Mwaka 2017 Serikali ilifuta ada ya leseni ya magari ya kila mwaka na badala yake ikaongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Tulielewa, na ilikuwa nafuu kwetu, maana anayetembea sana ndiye analipa sana. Mwaka 2023 ikaongezwa shilingi 100 kwa ajili ya miradi mikubwa. Siombi muongeze tena, mafuta yameshatuelemea. Naomba mtenge sehemu ndogo ya hizi tunazolipa sasa na kuiandika jina lake waziwazi: ya majeruhi. Namibia wana mfuko wa ajali unaolipiwa kwa tozo ya mafuta, na Afrika Kusini wana wa kwao. Rwanda, jirani yetu, ina huduma ya magari ya dharura inayoitwa kwa namba 912. Kenya wameandika kwenye Katiba yao ya 2010 kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sisi tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa Bungeni Novemba 2023, na ni jambo la kushukuru. Ila kadi ya bima iliyoko kwenye begi lililorushwa porini haimsaidii mtu aliyezimia.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye vifaa. Wote tumesajili laini kwa alama za vidole. Kijana aliyekaa chini ya mwamvuli stendi ana kamashine kadogo; unaweka kidole, na jina lako linatokea kutoka NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya Taifa. Kamashine hako kakiwekwa kwenye mapokezi ya dharura ya kila hospitali iliyo kando ya barabara kuu, majeruhi asiyeweza kusema atajulikana ni nani ndani ya dakika chache. Ongezeni na nafasi moja kwenye usajili wa laini: namba ya ndugu wa kupigiwa. Leo simu ya majeruhi inaita mfukoni lakini ikikata hatuwezi kuifungua, kwa kuwa ina nywila. Wapo ndugu waliozunguka hospitali tatu nne wakimtafuta mtu wao ambaye ameandikwa kitabuni kama mwanaume asiyejulikana.

Teknolojia hatuikosi. Trafiki akiingiza namba ya gari langu kwenye kifaa chake anaona deni la faini palepale, na mimi naliona kwenye simu yangu. Tochi za trafiki zinapima mwendo wa magari kwa usahihi. Mabasi ya mikoani yana vifaa vya LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, vinavyotuma mahali basi lilipo na mwendo wake. Mfumo unaojua kuwa basi lilikuwa kwenye mwendo wa 80 na ghafla limesimama sehemu isiyo na kituo, saa nane usiku, una kila sababu ya kuwaamsha waratibu wa 115 bila kusubiri mtu apige. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku, Oktoba 2023, jambo hili limekuwa la haraka zaidi. Mchana ajali hukuta watu. Usiku wa manane, kwenye pori, hukuta giza, na pengine hukuta wanaokuja kupora.

Kuna upande wa siasa, na nitausema kwa heshima. Msafara wa kiongozi mkubwa ukipita hapa kwetu, magari yanazuiwa, yanapita mashangingi, na nyuma yake linapita gari la wagonjwa. Nakubaliana na hilo kabisa. Kiongozi wa nchi lazima alindwe uhai wake, na aliyepanga gari lile alielewa vizuri kuwa barabara ni hatari na dakika zina thamani. Naomba uelewa huohuo utumike kwa anayebaki barabarani msafara ukishapita. Ibara ya 14 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kuishi na kupata kutoka kwa jamii hifadhi ya maisha yake. Mwaka 2017, wanafunzi, walimu na dereva, watu 35, walipofariki kwenye basi la shule kule Karatu, nchi nzima ililia. Mwaka 2019 lori la mafuta lililipuka Msamvu, Morogoro, tukazika watu zaidi ya mia moja. Kila msiba mkubwa unakuja na tume na maagizo. Kijana mmoja wa boda, usiku mmoja, haundiwi tume, na hao wa mmoja mmoja ndio wengi.

Majengo nayo yapo. Zile fedha za UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3, zilijenga pamoja na mengine idara za dharura katika hospitali nyingi. Nimeingia kwenye mojawapo nikimpeleka jirani. Ni safi, ina vitanda vizuri na mashine za oksijeni. Mmejenga mlango mzuri wa kupokelea majeruhi. Kilichobaki ni kumtoa alipoangukia hadi kwenye huo mlango, bila kumkunja shingo na kumburuta kama gunia la mkaa. Hilo nalo linafundishika. Mtu mwenye kutiliwa shaka ya shingo au mgongo asikalishwe. Asogezwe na watu wanne kwa pamoja, kichwa kikiwa kimeshikwa na mtu wa tano. Damu inayoruka ikandamizwe kwa kitambaa na mkono usitolewe. Vijana wa vijiwe vya boda ndio wanaofika wa kwanza kwenye ajali, mara nyingi majeruhi ni mwenzao. Siku mbili za mafunzo kwa kila kijiwe cha barabara kuu, na sanduku moja la glovu, bandeji na mkanda wa kukazia damu, ni gharama ambayo hata halmashauri inaiweza.

Kama nchi nzima ni kubwa mno kwa kuanzia, chukueni kipande kimoja. Napendekeza kuanzia Doma mkoani Morogoro, mpite Hifadhi ya Mikumi, Mikumi mjini, Ruaha Mbuyuni, mpande mlima Kitonga hadi Ilula mkoani Iringa. Humo mna malori ya Zambia na Kongo, mabasi ya nyanda za juu, magari ya IT, yaani yaliyoshushwa bandarini kwenda nchi jirani, yanayokimbizwa mpakani, kona kali, na kilomita kama 50 za hifadhi zisizo na nyumba. Hospitali ziko Mikumi na Ilula. Andikisheni madereva wa jamii kwenye kila kijiji cha kipande hicho, wekeni mabango ya 115 kandokando ya barabara, toeni ule waraka wa polisi, wapeni hospitali hizo mbili fedha za saa 48. Mwaka mmoja. Hesabuni muda kutoka simu kupigwa hadi majeruhi kupokelewa, na hesabuni waliofika wakiwa hai. Matokeo yatangazwe, yawe mazuri au mabaya.

Bajeti husomwa Juni. Naomba jambo hili lijibiwe Bungeni kabla ya hapo, na kama jibu ni hapana, basi tuambiwe ni wizara ipi iliyosema hapana na kwa sababu gani.

Upande wetu tumeshazungumza. Mafundi wa hapa, vijana wa kijiwe na wenye kirikuu wawili wako tayari kuandikishwa na kufundishwa hata wiki ijayo, na yule mama wa chipsi amekubali kuwaonyesha wengine namna alivyoikaza ile kanga. Sharti lao ni moja, waraka uwafikie askari wa zamu kabla yao hawajaanza.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Fundi magari, Barabara ya Morogoro, Pwani